“Amegundulika Ukubwani”: Uhakiki wa Lugha ya Usonji na Nafasi ya Mtu Mzima Nateete, Kampala

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumiwa kuitaja, kuiuliza na kuithibitisha hali ya usonji kwa Kiswahili, kwa kumwangalia mtu ambaye lugha hiyo humsahau, yaani mtu mzima. Eneo linalorejelewa ni Nateete, kitongoji cha Kampala ambamo Kiganda, Kiswahili, Kiingereza na lugha za wakimbizi hukutana kila siku. Inadaiwa kwamba mjadala wa istilahi umejishughulisha mno na nomino, kama ni usonji au tawahudi, ilhali madhara makubwa zaidi yamo katika vitenzi vinavyoandamana na nomino hizo na katika maswali ya hojaji zinazotafsiriwa bila kutungwa upya.

Istilahi muhimu: usonji, tawahudi, utambuzi, mtu mzima, Nateete

1.0 Utangulizi

Historia ya kusoma na kuandika nchini Uganda ina anwani kadhaa, na Nateete ni mojawapo. Alexander Mackay wa Church Missionary Society alifika Buganda mwaka 1878, akakuta kwamba Kiswahili kilikwisha kutangulia katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza kwa njia ya wafanyabiashara wa pwani. Misheni ilipopewa makao Nateete, mtambo wa kuchapishia ulifanya kazi hapo, na waongofu wa awali walisoma maandiko ya Kiswahili kabla tafsiri za Kiganda hazijakamilika. Watu hao walipata jina jipya, abasomi. Jina hilo halikueleza tu tendo la kusoma. Lilizaa aina mpya ya mtu, mwenye marafiki wapya, wajibu mpya na, kama ilivyodhihirika mwaka 1885 vijana watatu wa misheni walipouawa karibu na hapo, hatari mpya.

Mfano huu si pambo la kihistoria. Ian Hacking (1986) alieleza kwamba baadhi ya majina yanayobuniwa na wataalamu hayakuti watu wakiwa tayari wamepangwa katika mafungu. Jina na mtu hukua pamoja, na mtu aliyepewa jina hubadilika kwa kulijua. Kama hoja hiyo ina ukweli, basi anayetunga istilahi ya Kiswahili kwa hali ya kiafya hafanyi kazi ya kamusi peke yake. Anaamua ni nani atakayeonekana na nani atakayebaki bila jina.

Nateete ya leo, katika Tarafa ya Rubaga kando ya barabara iendayo Masaka, ni soko, stendi, gereji na nyumba za kupanga. Kiganda ndicho kinachotawala. Kiswahili husikika kwa madereva wa malori, kwa baadhi ya askari, na kwa wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo wanaoishi katika vitongoji kadhaa vya jiji. Kikatiba, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri lilirejea uamuzi wa kukiimarisha mwezi Julai 2022. Kwa hiyo swali la namna Kiswahili kitakavyosema juu ya usonji nchini humo si la baadaye. Nyaraka zinaanza kuandikwa sasa, na makosa yatakayoingia humo yatadumu.

2.0 Nomino mbili zenye jamaa wasiofanana

Eugen Bleuler alipotunga istilahi yake mwaka 1911 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya “nafsi”, alikuwa akieleza dalili ya skizofrenia. Leo Kanner (1943) alilihamishia neno hilo kwa watoto 11, na Hans Asperger (1944) akaandika juu ya wavulana wanne. Tangu hapo usonji ukawa jambo la utotoni. Mwongozo wa Marekani wa uainishaji wa magonjwa ya akili, katika toleo lake la tatu la mwaka 1980, uliubakiza utoto katika jina lenyewe la hali hiyo. Ilhali mtoto wa kwanza katika maelezo ya Kanner, Donald Triplett, aliishi hadi mwaka 2023 na kufariki akiwa na umri wa miaka 89, baada ya miaka mingi ya kazi katika benki ya mji wake wa Forest, Mississippi. Hali hiyo ilizeeka pamoja na mwenyewe. Istilahi ndiyo iliyobaki shule ya chekechea.

Kiswahili kimeirithi hali hiyo kwa nomino mbili zinazoshindana. Tawahudi imetoka katika Kiarabu, na katika lugha hiyo mzizi wake ni wa umoja na upweke. Ni tafsiri ya maana ya Kigiriki, na ina nidhamu ya kietimolojia inayovutia. Tatizo lake ni jamaa zake. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, hasa Mwislamu, neno hilo hukaa jirani na tauhidi, yaani itikadi ya umoja wa Mungu. Mzizi ni uleule. Neno tukufu na neno la kliniki huweza kuishi katika lugha moja bila ugomvi, lakini mzazi anayelisikia kwa mara ya kwanza ana haki ya kushangaa. Zaidi ya hapo, tawahudi hubeba dhana ya upweke ndani yake, na upweke ni tafsiri ya mtazamaji tu. Watu wengi wenye hali hii hawautafuti upweke hata kidogo.

Usonji, kwa upande wake, hauna jamaa anayefahamika kwa msemaji wa kawaida. Wapo wanaouona upungufu hapo. Makala haya yanauona uwezekano. Neno lisilo na ndugu halimsingizii mtu tabia, na linaweza kujazwa maana kwa matumizi, kama kifafa kinavyotajwa leo bila msemaji kufikiri juu ya asili yake. Hivyo usonji unapendelewa hapa, ingawa kwa sharti moja: utenganishwe na nomino inayouandama kila mahali, mtoto. Katika taarifa za habari na matangazo ya afya ya Kiswahili, “watoto wenye usonji” limekuwa fungu moja lisiloachana, kiasi kwamba “mzee mwenye usonji” husikika kama kosa la uchapaji.

Kuna pia wigo. Lorna Wing na Judith Gould, kutokana na utafiti wao wa Camberwell, London (1979), waliufungua usonji kutoka chumba kimoja chembamba kuwa eneo pana lenye watu tofauti sana, na toleo la tano la mwongozo wa Marekani (2013) likaunganisha majina ya awali chini ya dhana hiyo. Kiswahili kilichagua wigo. Neno ni zuri, lakini maana yake kongwe ni ua, boma, uzio wa miti unaozuia mifugo isitoke. Dhana iliyokusudiwa kuvunja uzio imefika kwa Waswahili ikiwa uzio. Hili si la kuudhi sana, kwa kuwa maana ya “upeo” imekwisha kuzoeleka. Linatajwa kwa sababu watunga istilahi hupenda kudai kwamba tafsiri ya maana ni salama kuliko utohozi.

3.0 Vitenzi ndivyo vinavyohukumu

Fasili fupi inayotolewa mara nyingi ni kwamba usonji ni hali ya mtu “kujitenga”. Kiambishi -ji- cha kirejeshi hufanya kazi kubwa hapa. Anayejitenga ndiye mtenda na ndiye mtendwa. Ametaka, na ameweza kutaka vinginevyo. Sarufi imekwisha kumtia hatiani kabla daktari hajafika. Nateete, ambako salamu ndefu ni kipimo cha empisa, adabu ya Kiganda, mtu mzima asiyesimama kuulizana hali za nyumbani hasemwi kuwa mgonjwa. Husemwa kuwa ana amalala, majivuno. Kiswahili kinachomwambia kwamba hali yake ni “kujitenga” kinathibitisha shutuma ileile kwa lugha ya hospitali. Kitenzi “kutengwa” kingesema jambo tofauti kabisa, na kwa watu wengi kingekuwa karibu zaidi na ukweli.

Kisha linakuja tendo la utambuzi wenyewe. Nchini Kenya husikika “alipatikana na ugonjwa”; Tanzania, “alikutwa na ugonjwa”. Vitenzi hivyo ndivyo vinavyotumika kwa mtu aliyepatikana na hatia na aliyekutwa na bangi. Msemaji hakusudii ubaya, na kwa malaria hakuna anayeumia. Lakini kwa hali ambayo mhusika ameishi nayo miaka 40 akiificha, taswira ya upekuzi si ndogo. Amekutwa nayo; kumbe alikuwa nayo mfukoni muda wote.

“Kugundulika” ndiko kunakoshika nafasi katika maandishi rasmi zaidi, na kunastahili kuangaliwa kwa makini. Kiambishi -ik- humfuta mtenda. “Amegunduliwa na daktari” humtaja aliyegundua. “Amegundulika” huacha tukio lining’inie hewani, kana kwamba ukweli umejitokeza wenyewe bila mtu aliyeuliza maswali, bila chombo kilichopima, bila ada iliyolipwa. Aidha, kugundua ni kitenzi kilekile ambacho vitabu vya shule vilikitumia kwa John Hanning Speke na chanzo cha Nile mwaka 1862. Waganda na Wasoga waliokuwa wakivua samaki hapo hawakuwa wamengoja kugunduliwa. Mtu mzima aliyepewa jina la hali yake ukubwani yuko katika nafasi ya mto huo: alikuwepo, alitiririka, na majirani walimfahamu vizuri kwa majina mengine.

Njia ya kutoka ipo ndani ya lugha yenyewe. Utambuzi hutumika kwa maana ya kubaini ugonjwa, hutumika katika isimu na saikolojia kwa maana ya mchakato wa akili kujua mambo, na kwa kuongezewa -ji- hutoa kujitambua. Wanaistilahi huiona hali hii kuwa utata wa kuondolewa. Kwa mada hii ingekuwa hasara kuuondoa. Mtu mzima anapothibitishiwa hali yake, matukio mawili hutokea kwa pamoja: mtaalamu anamtambua, naye anajitambua, kwa maana kwamba miaka ya shule, kazi alizofukuzwa na ugomvi wa ukoo hupata maelezo mengine. Kiingereza hulazimika kutumia maneno mawili yasiyo na undugu. Kiswahili kina mzizi mmoja, na -ji- ya kujitambua hurudisha kwa mhusika kile ambacho -ji- ya kujitenga ilimnyang’anya.

Hapa pia lipo suala la kuficha. Watafiti wa Ulaya na Marekani huandika sana juu ya watu wazima, wanawake hasa, wanaojifunza kuigiza macho, tabasamu na mazungumzo ya wengine hadi wanachoka. Kutafsiri dhana hiyo kwa “kuvaa barakoa” hakufai tena tangu mwaka 2020. Msikilizaji atafikiria korona. Kujisitiri kunafaa zaidi kwa mlio na kunapotosha zaidi kwa maana, kwa kuwa sitara ni sifa njema katika Kiswahili. Anayejisitiri anapongezwa. Gharama ya mwigo huo, uchovu na sonona, hutoweka ndani ya pongezi. Kuigiza ukawaida ni fungu refu, lakini halimdanganyi mtu.

4.0 Hojaji zinazouliza maisha ya mahali pengine

Simon Baron-Cohen na wenzake (2001) walitunga hojaji ya maswali 50 ya mtu mzima kujipima mwenyewe, ambayo imetafsiriwa katika lugha nyingi. Swali moja hulinganisha mapenzi ya kwenda kwenye maigizo na ya kwenda makumbusho. Jingine linataka kujua kama mhusika huziangalia namba za magari. Kampala ina Jumba la Makumbusho na ina Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, lakini kwa fundi wa gereji wa Nateete uchaguzi kati ya viwili hivyo hausemi lolote juu ya akili yake. Unasema juu ya nauli na juu ya tabaka. Kuhusu namba za magari, kondakta wa teksi au mpanga zamu wa stejini ya bodaboda huzikariri kwa sababu ndiyo kazi. Jibu la “ndiyo” linampa alama ya usonji kwa umahiri wa kazi yake. Tafsiri sahihi kabisa ya maswali hayo, iliyopitiwa na wataalamu wawili na kurudishwa katika Kiingereza, itabaki kuwa tafsiri sahihi ya swali lisilohusika.

Kutazamana machoni ni mfano mwingine. Vigezo vya kimataifa huhesabu upungufu wake kuwa dalili. Katika malezi ya Kiganda, kama ya jamii nyingi za kanda hii, kijana anayemkodolea macho mkubwa ndiye mwenye walakini. Binti aliyelelewa kupiga magoti na kuinamisha macho anaweza kupita maisha yake yote bila mtu kuona kwamba kuinamisha kwake hakukuwa adabu peke yake. Hivyo utamaduni huweza kumwonyesha asiye na usonji kama mwenye nao, na kumfunika mwenye nao. Makosa yako pande zote mbili. Wahakiki wanaosema kwamba zana za Magharibi “huzidisha” wagonjwa Afrika wameona upande mmoja tu.

Uganda ina mfano mzuri wa kufuata, ingawa ni wa watoto. Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, hawakuridhika kutafsiri. Walichukua maswali kumi yaliyokwisha kuzoeleka katika tafiti za ulemavu wa utotoni, wakayaongezea 13 yanayolenga usonji, na kuyatumia kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 zaidi ya elfu moja. Umuhimu wa kazi hiyo kwa hoja ya hapa haumo katika takwimu zake. Umo katika uamuzi wa kulijenga swali upya kwa ajili ya anayeulizwa. Na kuna hesabu rahisi ambayo washauri wa sera wangepaswa kuifanya: mtoto aliyekuwa na miaka 9 kabla ya chapisho hilo sasa amepita umri wa utu uzima. Kundi lililopimwa limevuka mpaka ambako zana zilizolipima haziendi.

Hojaji ya mtu mzima wa Nateete ingeuliza nini? Ingeuliza juu ya kwanjula, hafla ya kutambulishana kwa koo ambayo huchukua saa nyingi za kauli za mafumbo, na namna mtu anavyoivumilia. Ingeuliza kama mhusika huelewa bei ya kwanza sokoni kuwa mwaliko wa kubishana au huichukua kuwa ndiyo bei. Ingeuliza juu ya matanga, juu ya spika za makanisa na baa usiku, juu ya kubadilishiwa njia na dereva bila taarifa. Maswali haya si mbadala uliothibitishwa. Yanahitaji kufanyiwa majaribio kama zana nyingine yoyote. Hata hivyo yanaonyesha kwamba malighafi haikosekani.

5.0 Pingamizi la uhaba, na dawati la mkalimani

Pingamizi lenye uzito zaidi halihusu lugha. Huduma za afya ya akili Uganda ni chache, hospitali ya taifa ya rufaa ya Butabika hubeba mzigo wa nchi nzima, na watoto wengi hawajafikiwa. Kwa nini mtaalamu atumie saa zake kwa mtu wa miaka 40 aliyekwisha kuzoea maisha yake? Hoja hii inaheshimika, lakini inakosea katika neno “kuzoea”. Mtu asiye na jina la hali yake hapewi mapumziko na majirani. Hupewa jina jingine. Nateete majina hayo yapo tayari: mulalu, mwendawazimu, mwenye majivuno, aliyelogwa. Kila moja lina njia yake ya tiba, ada yake na fedheha yake. Huko ndiko anakopelekwa.

Sheria nayo ina historia yake ya majina. Sheria ya matibabu ya akili ya enzi za ukoloni ilidumu hadi ilipofutwa na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, na Katiba ya mwaka 1995 bado humzungumzia mtu “asiye na akili timamu” inapoorodhesha sababu za kumnyima mtu uhuru wake. Katika shauri la kikatiba namba 64 la mwaka 2011, lililoamuliwa mwaka 2015, Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba lugha ya kudunisha iliyomo katika sheria za jinai ni suala la haki, si la mtindo wa uandishi. Uamuzi huo haujapewa uzito unaostahili na wanaistilahi. Ukitafsiriwa kwa kazi yao, una maana kwamba orodha ya istilahi inaweza kuvunja katiba.

Wapo wasioweza hata kufika kwenye pingamizi la uhaba. Vigezo vya utambuzi hutaka ushahidi kwamba dalili zilikuwepo tangu utotoni, na kwa kawaida ushahidi huo huombwa kwa mzazi. Mkimbizi wa Kivu anayeishi Nateete anaweza kuwa na mzazi aliyefariki, aliyebaki ng’ambo ya mpaka au asiyejulikana alipo. Istilahi ya usonji yenyewe huenda haijamfikia, kwa kuwa elimu yake ya shule ilipitia Kifaransa na Kiswahili chake ni cha Kongo. Kabla ya hapo amepita, au atapita, kwenye usaili wa kuomba hifadhi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, mbele ya ofisa na mara nyingi mbele ya mkalimani. Katika usaili wa namna hiyo, popote duniani, anayesimulia mauaji kwa sauti isiyopanda wala kushuka, anayerudia tarehe kwa usahihi wa kutisha na kusahau kulia, anayetazama ukuta, huweza kuonekana mwongo. Damian Milton (2012) alisema kwamba kutoelewana kati ya watu wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili. Kwenye dawati hilo pande mbili hazina nguvu sawa, na katikati yao ameketi mtu wa tatu anayechagua vitenzi.

Mkalimani huyo ndiye msomaji wa kwanza wa orodha yoyote ya istilahi itakayotolewa na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na BAKITA, au na Baraza la Taifa la Kiswahili ambalo serikali ya Uganda iliridhia kuundwa kwake mwaka 2019. Orodha itakayompa nomino peke yake itamwacha aseme “amegundulika” na “hujitenga” kama alivyosikia redioni. Anachohitaji ni sentensi nzima, zenye mtenda na zenye umri: “Daktari amethibitisha kwamba mwanamke huyu wa miaka 38 ana usonji, na kwamba amekuwa nao tangu utotoni. Anazungumza bila kubadili sauti. Anaelewa swali likiulizwa moja moja.” Sentensi ya mwisho haina istilahi hata moja, na ndiyo ambayo ofisa atahitaji kuisikia kwanza.